Lami Itonayo na Wenye Kuficha Ajabu

Wako wasomi wasemao kuwa chuo kikuu kikijisimulia katika mitandao ya kijamii hujishusha hadhi; eti elimu njema haihitaji mpiga mbiu. Mimi hoja hii naiona ni kiburi kilichovaa joho.

Tazameni Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia. Mwaka 1927 Profesa Thomas Parnell alimimina lami ya moto katika faneli ya kioo, apate kuwaonyesha wanafunzi kuwa kitu kivunjikacho kwa nyundo kama kigae, kwa kweli hutiririka. Akaiacha itulie miaka mitatu, ndipo akaukata mkia wa faneli. Toka mwaka 1930 hata 2014 yalidondoka matone tisa tu! Na ajabu hiyo ilikaa miaka mingi imefungiwa kabatini, watu wakapita karibu nayo bila kujua walichokipita.

Lami haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba ilipata msimulizi. John Mainstone, aliyeitunza tangu mwaka 1961, alieleza habari zake zote, hata zile ambazo mwingine angezionea haya. Mwaka 1988 alitoka chumbani kidogo kutafuta kinywaji, tone likaanguka nyuma yake. Mwaka 2000 iliwekwa kamera imshikie zamu. Kamera ikaharibika, na tone la nane likaenda zake. Alifariki Agosti 2013, na tone la tisa halikukatika hata Aprili 2014. Hakuona hata moja likianguka. Kwa habari hizo watu wa nchi nyingi waliketi mbele ya intaneti wakitazama lami isiyoonekana kujongea. Je, hapo hadhi ya nani ilishuka?

Vyuo vingi, kwa upande wao, hututumia picha za majengo, za utepe unaokatwa, na za wageni waliopangwa mstari. Kijana amalizaye shule ya upili, atafutaye pa kujifunza sayansi, anaambiwa nini na utepe? Wengine hukosea zaidi: hutia chumvi, wakaita ugunduzi jambo ambalo bado ni jaribio. Mainstone hakutia chumvi. Alisimulia yaliyompita, nasi tukamsadiki.

Makabati ya mawe, ya mimea iliyokaushwa na ya mifupa yana watunzaji wake, nao wana habari tele. Wapeni kamera, kisha mwondoe mkono wenu midomoni mwao.