Hakujitakia

Binti akibakwa, hukumu ya vijana wenzake hutoka kabla polisi hawajaandika maelezo: kajitakia. Inasemwa kijiweni, inasemwa darasani, na wasichana nao wanaisema. Vijana wa Katumba, nawajibu hoja kwa hoja, maana ninyi ni wadogo zetu na bado mnasikia.

"Alivaa vibaya." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wapo ambao yaliwakuta njiani kwenda au kutoka shule, na wapo ambao yaliwakuta shuleni kwenyewe. Hao walivaa sare. Wavulana pia, zaidi ya 1 kati ya 10, yaliwapata. Kaptura ya shule ilimtamanisha nani?

"Alifuata nini huko?" Kuni, maji, mashine ya kusaga. Na matukio mengi yaliyotajwa katika utafiti ule yalitokea ndani ya nyumba za watu. Wazee wetu walifika Katumba wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Hakuna mjukuu anayemuuliza bibi yake alifanya nini hadi akafukuzwa. Huyu binti anaulizwa kwa nini?

"Alikula hela yake." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wengi wenu mnaiona ni deni halali. Chipsi, vocha, lifti ya pikipiki siku ya mvua, kisha mwanaume anadai chake. Mtu mzima mwenye hela ya tumbaku mfukoni anajua vizuri anachokitafuta kwa mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule. Kwa sheria yetu, anayelala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mkewe amebaka, hata kama binti alikubali, na mtu mzima akipatikana na hatia kifungo hakipungui miaka 30. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Katavi, wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Tuliongoza nchi nzima. Mnataka kuniambia karibu nusu ya mabinti wa mkoa mzima walijirahisi, na wanaume hawakuwepo?

"Mbona hakupiga kelele?" Hofu hukaba koo, wapo wanaoganda kabisa. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema si lazima aliyebakwa awe na majeraha ndipo ithibitike kwamba hakuridhia.

"Anamsingizia." Kupima hilo ni kazi ya mahakama. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Bado huhojiwa, na mshtakiwa husikilizwa. Kijiweni hahojiwi mtu.

"Sasa mbona alichelewa kusema?" Kwa sababu aliwasikia mkimsema mwenzake. Na kuchelewa kunamgharimu: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu abakwe. Akikwambia wewe kwanza, msindikize hospitali siku hiyohiyo, kisha dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.