Picha Hukamilika Lini?

Iko imani iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa sanaa kwamba picha ya kamera hukamilika mara kifyatuo kinapobanwa. Iko na ya pili, mpinzani wake, kwamba picha haikamiliki kamwe, maana yaweza kusafishwa upya na kubadilishwa mpaka kiama. Ya kwanza ni imani ya haraka, ya pili ni ya woga. Na zote mbili humwondolea msanii wajibu wa kuamua.

Wafipa wa zamani walijua zaidi. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza katika ilungu, tanuri la udongo lenye kimo cha kama mita 3, lililovuta upepo lenyewe pasipo mivukuto. Bonge lililotoka humo halikuwa jembe. Lilitiwa katika kintengwe, tanuri dogo la kulisafisha kwa mivukuto, ndipo likafika kwa mhunzi. Aliyeliita bonge jembe angalichekwa. Na mhunzi asiyejua kukoma kugonga angaliliharibu jembe lenyewe.

Mpiga picha wa Katandala aendaye leo kupiga picha ya ilungu lililobaki porini yumo katika kazi iyo hiyo. Kufyatua humpatia bonge tu. Kuchagua picha moja kati ya nyingi, kukata kingo, kupima mwanga na kivuli, ndiko kulisafisha. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyejulikana kwa kupinga ukataji wa picha, naye aliikata kingo picha yake ya mwaka 1932 ya mtu arukaye maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Na Omar Said Bakor wa Lamu alikata picha na kuziunganisha na nyingine. Kwake mkasi ulikuwa chombo cha kazi sawa na kamera.

Wa imani ya pili watauliza: mbona Ansel Adams wa Marekani alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, akaichapa tena na tena kwa miaka mingi, mbingu ikizidi weusi? Jawabu ni jepesi. Filamu ilikuwa moja, kazi zilikuwa nyingi, na kila moja ilitoka mikononi mwake imekamilika. Jembe likifuliwa upya huwa jembe jingine. La kwanza halikuwa pungufu.

Basi kipimo ni hiki: picha imekamilika siku msanii anapoweza kutoa sababu ya kila alichokibakiza na kila alichokiondoa, akaitia jina lake, akaiacha ihukumiwe. Simu ya mkononi imerahisisha kubadilisha, haikurahisisha kuamua. Picha inayogeuzwa kila inapolaumiwa haiwezi kuhakikiwa, kwa kuwa haisimami mahali pamoja. Na sanaa isiyohakikiwa haikui. Asiyethubutu kusema kazi yake imekwisha, asidai kuwa ameifanya.