Maoni Yetu: Wasichana na Hadithi za Kesho

Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, mchezo wa mfululizo juu ya wasafiri wa anga za mbali. Mmoja wa maofisa wa chombo hicho alikuwa mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lilitokana na neno letu, Uhuru.

Walakini sisi tulitoa jina tu. Kazi ya kuikuza hadithi ile ilifanywa na mashabiki wake, na aghalabu walikuwa wanawake. Mwaka 1967 Devra Langsam na Sherna Comerford walitoa Spockanalia, jarida la kwanza la mashabiki wa mchezo huo. Wenye televisheni walipotaka kuusitisha, Bjo Trimble na mumewe John waliwahimiza watazamaji waandike barua za kuutetea, na mwaka 1968 mchezo ukaongezewa msimu wa tatu. Mwaka 1976 barua za mashabiki ziliifanya Serikali ya Marekani ikiite chombo chake kipya cha anga Enterprise, jina la chombo cha hadithini. Wanawake hao hawakungoja idhini ya mkubwa yeyote. Walitumia taipu, karatasi na stempu.

Jambo hili latuhusu nini sisi wa Kibaha na Kisarawe, na ndugu zetu wa Mafia na Unguja? Latuhusu sana. Ngano za maajabu tulizipokea kwa bibi zetu, na kila msimulizi aliongeza yake. Zainab Burhani wa Zanzibar, aliyetoa riwaya ya Mali ya Maskini mwaka 1981, alithibitisha kwamba kalamu haina mwenyewe. Lakini tukizitazama riwaya zetu chache zinazobuni ulimwengu mwingine au ujao, kama Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), twakuta majina ya wanaume.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni porojo za kumpotezea mwanafunzi wakati. Hatukubaliani nao. Twawahimiza wasichana wasome fizikia na kemia, ilhali hatuwaulizi wangependa elimu hiyo ijenge nchi ya namna gani. Wanaojiuliza huandika majibu katika madaftari, wakapokezana mabwenini, na muhula ukiisha madaftari hayo huishia kufungia karanga.

Hapo Kibaha lipo Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Kisarawe nayo ina shule zake. Twawaomba wakuu wa shule na maofisa elimu watenge karatasi kidogo kila muhula, hadithi za wasichana zirudufiwe, nakala ziwekwe maktabani na nyingine zivuke bahari hadi Mafia na Unguja, wasichana wa huko wazisome na kuzijibu kwa hadithi zao.

Gharama yake ni ndogo. Tusipofanya hivyo, watoto wetu wataendelea kuisoma kesho iliyobuniwa na wengine, wakifurahia tu kwamba jina moja ndani yake ni la kwetu.