Ufa Uliozibwa Mara Tatu
Ndugu mwandishi, katika kuusifu wepesi ambao kwao kiini cha Linux kilitibiwa Oktoba 2016, maradhi ya kiusalama yaitwayo Dirty COW yalipodhihirika, umeghafilika kutaja kwamba Linus Torvalds mwenyewe, mwasisi wa Linux, alikiri kuwa alikwisha kujaribu kuiziba kasoro ile miaka 11 kabla, na kiraka chake kikabanduliwa kwa taabu iliyozuka katika mashine za IBM za s390. Cha ajabu ni udogo wa dawa: alama moja, FOLL_COW, ya kukikumbusha kiini kwamba nakala ya ukurasa wa kumbukumbu imekwisha kufanywa, isije ikaandikwa asili isiyo halali kuguswa. Na hiyo nayo haikutosha. Mwaka 2017 kurasa kubwa zilitaka kiraka chao, nami, niliyekwisha kukesha nikiwasha upya seva zetu moja moja, sikustaajabu.