Kushinda Mnada si Kupata Bunduki

Huko Marekani, msomaji, bunduki hunadiwa kwenye intaneti kama dalali anavyonadi mali ya mdaiwa. eBay ilipiga biashara hiyo marufuku mwaka 1999, na mwaka uo huo GunBroker ikaanza.

Wapo wajanja wanaovizia sekunde ya mwisho ndipo wapandishe bei. Kwa GunBroker hawafui dafu: bei ikitajwa ndani ya dakika 15 za mwisho, mnada huendelea mpaka dakika 15 zipite kimya. Muuzaji naye huweza kuficha bei yake ya chini, isipofikiwa, hauzi.

Na mshindi je? Muuzaji akiwa jimbo jingine, silaha hupelekwa kwa mwenye duka mwenye leseni. Hapo mnunuzi hujaza Fomu 4473, rekodi zake zikachunguzwa. Akikataliwa hapewi, hata awe amekwisha kulipa.

Mzazi mwenye mwana anayesoma huko, mwandikie mapema. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kumiliki bunduki wala hata risasi moja, ila kwa sababu chache kama leseni halali ya kuwinda. Kifungo chake huweza kufika miaka 15.