MAMBO YA MJINI: Nyumba Njema Si Mlango

Wazee wetu walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii yatufaa tuitazamapo Kariobangi, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ambako zamani palitengwa mahali pa watu wasio na makao, na leo pamesimama majumba ya ghorofa nyingi.

Mwaka 1964 Halmashauri ya Jiji iligawa viwanja Kariobangi kwa watu waliovunjiwa vibanda vyao kwingineko mjini. Shauri lenyewe lilikuwa jema. Halmashauri ilete barabara, maji na vyoo; naye aliyepewa kiwanja ajijengee kwa kadiri ya uwezo wake, chumba kimoja leo na cha pili mwakani, hata apate cha kupangisha. Hivyo maskini angekuwa na mahali pake.

Lakini kwa wengi mambo hayakwenda hivyo. Mjane aliyeishi kwa kuuza mboga, au mchukuzi wa mizigo, angepata wapi fedha za saruji, mawe na mabati? Tena Kariobangi ilikuwa mbali na mahali walipozoea kutafuta riziki, na nauli haina mkopo. Kwa hiyo wengi waliviuza viwanja vyao kwa watu wenye mapato ya kutosha. Wanunuzi wakajenga vyumba vya kupangisha, kisha miaka ilipopita wakaviondoa na kuinua ghorofa.

Hatusemi kwamba wenye majumba hayo wametenda kosa, maana vyumba vyao vyawasitiri watu wengi. Twasema tu kwamba kiwanja kiliendelea, bali yule ambaye kiwanja kilitengwa kwa ajili yake aliachwa nyuma.

Halafu tarehe 4 Mei 2020, matingatinga yaliingia katika mtaa wa Kariobangi ulio karibu na mitambo ya maji machafu, yakabomoa nyumba za maelfu ya watu. Sababu iliyotolewa ni kwamba ardhi ile ni mali ya kampuni ya maji ya jiji. Wakazi walikuwa wamepata amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji, na wengine walikuwa na karatasi walizosema walipewa na Halmashauri. Hayo yote hayakuwafaa. Ilikuwa majira ya masika, na ugonjwa wa korona ulikuwa umeenea, kila mtu akiambiwa akae nyumbani mwake. Mama aliyelala na watoto wake mvuani angekaa nyumbani gani?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kuwa na makao yafaayo. Sheria ya ardhi nayo, tangu marekebisho ya mwaka 2016, yataka watu wanaokaa mahali bila haki wapewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Basi neno la sheria lipo. Kilichopungua ni kulifuata.

Kwa maoni yetu, kila yanapotengenezwa upya makao ya maskini, mambo matatu hayana budi kufanywa. Kwanza, wahesabiwe wakazi wote, wapangaji pamoja na wenye nyumba, na orodha ibandikwe wazi ili kila mtu aione. Pili, watu wapewe mahali pa kukaa kabla ukuta wa kwanza haujaangushwa, pamoja na hati ya kurudi. Tatu, kodi ya nyumba mpya ipimwe kwa mapato ya wale waliokuwapo, si kwa uzuri wa jengo.

Nawe msomaji, kama wataka kununua kiwanja mjini, usitosheke na barua ya mkononi wala maneno ya wakala. Nenda ofisi ya ardhi, uliza kiwanja ni cha nani na kimetengwa kwa kazi gani. Safari hiyo yaweza kukupotezea siku moja. Kutokwenda kwaweza kukupotezea akiba ya maisha yako yote.