Michango ya harusi ina kamati, chanjo ya mtoto ina mama peke yake (Sehemu ya 4)

Leo akina baba nao wasome, na mama wakwe msikimbie. Kwenye Sehemu ya 3 nilieleza ratiba ya chanjo, na kwenye komenti wengi mkaandika kwamba mama anayempenda mwanawe hawezi kusahau tarehe ya kliniki. Nimekaa nalo siku mbili hili neno. Sikubaliani nalo hata kidogo, na naona linawaweka watoto hatarini.

Twende taratibu. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tunawaona kina mama wengi. Mtoto bado mchanga, tarehe zimekaribiana, na jirani aliyejifungua wakati huo huo naye anaenda, basi mnaongozana. Miezi 9 pia mnajitahidi. Kasheshe iko miezi 18, kwenye dozi ya pili ya surua na rubela. Hapo mtoto anakimbia, anakula ugali, haumwi. Mama amerudi kazini au kwenye genge lake, pengine ana mimba nyingine. Kadi iko chini ya sanduku pamoja na vyeti na vitenge. Sasa niambie, siku hiyo ikifika ni kitu gani kitamkumbusha? Mtoto akiwa na njaa analia. Akilowa analia. Chanjo ya miezi 18 hailii.

Kusahau jambo la kufanya siku za mbele si uzembe. Ndivyo ubongo wa binadamu ulivyo: unakumbuka ukikutana na kitu cha kukukumbusha, kisipokuwepo jambo linakupita. Halafu ongeza usingizi wa vipande vipande. Mtu kanyonyesha saa 8 usiku, saa 11 alfajiri yuko jikoni. Kukosa usingizi kunapunguza kumbukumbu ya yeyote, hata awe profesa.

Sasa tuangalie nyumba hiyo hiyo. Baba anajua mwisho wa michango ya harusi ya binamu yake ni lini. Mama anajua siku ya kikoba. Mechi ya Simba na Yanga haijawahi kusahauliwa na mtu. Kwani mnampenda binamu kuliko mtoto? Hapana. Harusi ina kamati, ina mweka hazina, ina grupu la WhatsApp linalotoa majina ya waliotoa na waliobaki mpaka unaona aibu. Kikoba kina faini. Mechi ina kijiwe kizima. Chanjo ya mtoto ina nani? Ina mama, peke yake, kwenye kichwa ambacho pia kimebeba ada, sare, mkaa, luku inayokaribia kuisha na dawa za presha za mama mkwe. Kitu kimoja kikidondoka humo, eti hampendi mwanawe!

Sisi hospitali wenyewe hatuamini vichwa vyetu, na tumesomea. Chumba cha upasuaji gozi zinahesabiwa kabla ya kuanza na zinahesabiwa tena kabla tumbo halijafungwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha kwenye upasuaji, na ndani yake kuna kuthibitisha mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini. Hayo ni mambo ambayo ungedhani hayasahauliki. Dawa ikitolewa wodini, inaandikwa na kusainiwa. Hakuna anayemwambia daktari bingwa kwamba anahesabiwa gozi kwa sababu hampendi mgonjwa.

Na wauguzi wenzangu, nisameheni, lakini ninyi pia mmo humu. Mama kachelewa wiki 3, anasemwa mbele ya benchi zima mpaka machozi yanamlenga. Safari nyingine akichelewa tena, haji kabisa. Hapo tumechukua wiki 3 za kuchelewa tukazigeuza kuwa dozi iliyokosekana. Halafu kuna yale maelezo ya harakaharaka, mtoto analia, mama anafunga nepi, huku anatajiwa mambo 7 kwa pumzi moja. Mwaka 2003 mtafiti Roy Kessels alipitia tafiti za jambo hili, akaeleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo anayopewa mgonjwa husahaulika papo hapo. Kwa hiyo tarehe ya kurudi iandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na asomewe.

Kwa nini nimekazana na miezi 18? Kwa sababu dozi ya miezi 9 inawapa kinga takriban watoto 85 kati ya 100. Wale 15 hawana alama usoni, huwezi kujua kama wako ni mmoja wao. Dozi ya pili ndiyo inayowafuata hao. Na surua si vipele tu. Inaleta nimonia, kuharisha, inaweza kupofusha. Mwenye surua akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani humo mpaka saa 2. Hukutani naye hata sura, mwanao anaumwa.

Basi baba, chukua kadi leo, piga picha, weka kengele kwenye simu YAKO, wiki moja kabla na siku moja kabla. Usimuulize mama kama amekumbuka. Kumbuka wewe. Mama mkwe, wewe unayejua tarehe ya arobaini ya kila marehemu wa ukoo, hii nayo unaiweza. Na kwa dada anayelea peke yake, nina wazo: kikoba kina daftari na katibu. Aongeze ukurasa mmoja wa tarehe za watoto wa wanachama, zisomwe kila mkikutana kabla ya hela kuhesabiwa. Itachukua dakika 2.

Waliochelewa, jamani, njooni. Mtoto ana miaka 2 na hajapata ya miezi 18? Mlete. Chanjo haianzi upya, inaendelea ilipoishia. Chache tu zina ukomo wa umri, na huo utaambiwa ukifika na kadi. Kadi imepotea? Njoo hivyo hivyo, kuna rejista. Ukikuta muuguzi anafoka, mwache afoke, mtoto achomwe, mwondoke.

Sehemu ya 5 ni vidonge vya kuongeza damu wakati wa mimba, maana inboksi imejaa.